Nani Amsemee Chura wa Kihansi?



Jioni hii nimekuja na mteja asiyeweza kunilipa. Anaenea kwenye kijiko cha chai. Ni chura wa rangi ya dhahabu ambaye hatagi mayai: huzaa vitoto vilivyokamilika, na jike mwenye mimba ukimtazama kwenye mwanga, unawaona wanawe kupitia ngozi ya tumbo.

Kwao ni korongo la Kihansi, milima ya Udzungwa, hapa Tanzania, ambako maporomoko yalipiga mwamba na kurusha manyunyu usiku na mchana. Hakuna kwingine duniani alikopatikana. Wataalamu walimgundua mwaka 1996, mradi wa umeme ukiwa umeshaanza kujengwa. Mitambo ilipowashwa, megawati 180 zikaingia gridi ya taifa, na takriban asilimia 90 ya maji yakahamishwa kutoka korongoni. Manyunyu yakakatika.

Tulihangaika, lazima tukiri. Mwaka 2000 vyura 499 walisafirishwa kwenda Marekani kutunzwa. Korongoni tukatandaza mabomba ya kunyunyizia maji. Katikati ya 2003 walihesabiwa karibu 20,000. Miezi michache baadaye wakaporomoka, huku ugonjwa wa ukungu ukiwa miongoni mwa visababishi vinavyotajwa. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kutoweka porini. Mwaka 2012 uzao wa wale waliosafirishwa ulianza kurudishwa kwao, chini ya mvua ya mabomba.

Sikuja kuulaumu umeme. Taa za ukumbi huu zinawaka, nami nasoma kwa mwanga wake. Swali langu ni la mwanasheria: maji ya Kihansi yalipogawanywa, nani alikuwapo kumsemea mwenye korongo? Mkopeshaji alikuwa na wakili, mkandarasi naye alikuwa na mkataba. Chura aliingia kikaoni akiwa "athari kwa mazingira", aya ndani ya ripoti. Athari hupunguzwa, lakini haidai kitu.

Mtauliza: chura adai vipi? Nami nauliza: kampuni hudai vipi? Haina damu wala ulimi, lakini kisheria ni mtu; inamiliki, inashtaki, inashtakiwa, na watu wa kuisemea wanateuliwa. Utu wa kisheria tuliubuni kwa sababu biashara iliuhitaji.

Ekuador iliandika haki za maumbile katika katiba yake ya 2008. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilifuta vibali vya uchimbaji madini katika msitu wa Los Cedros kwa kutumia haki hizo. Jirani zetu Uganda, katika Sheria ya Mazingira ya 2019, wanasema maumbile yana haki ya kuwepo na kuendelea, na mtu yeyote anaweza kwenda mahakamani kuitetea. Kasoro yake ni kwamba waziri ndiye hutaja kwa kanuni maeneo yatakayohusika. Haki inayosubiri kanuni huweza kusubiri sana.

Sheria yetu ya mazingira ya 2004 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Ni hatua kubwa. Lakini mwenye haki hapo ni binadamu. Chura hupita mlango wa binadamu, na siku binadamu akitaka maji zaidi, mlango hufungwa.

Pendekezo langu ni dogo. Kabla ya kibali cha bwawa, barabara au mgodi kutolewa, ateuliwe mlezi wa kisheria wa viumbe wasiopatikana kwingine, awe na kiti kikaoni na uwezo wa kukata rufaa. Huenda akashindwa. Lakini atakuwa amesikilizwa maji yangali yanateremka, si baada ya mabomba kununuliwa.

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Kihansi tulianza na nusu ya kwanza.