MAJINA YA WAZEE WETU KATIKA VITABU VYA KORTI



Tumetakiwa kueleza kazi ya kunakili majina yaliyomo katika vitabu vya korti za zamani na kuyapanga kwa faharasa. Korti za Waafrika zilitengenezwa upya kwa sheria ya 1951, zikaondolewa kwa sheria ya 1967. Huko ndiko wazazi wetu walikopeleka mashauri ya mashamba, mahari na madeni.

Kazi hii ina mitego miwili. Wa kwanza ni tahajia. Jina moja huandikwa Wangeci na pia Wangechi; hata jina la baba yake Dedan Kimathi, mwana wa Tetu aliyehukumiwa Nyeri mwezi wa Novemba 1956, huandikwa Waciuri na pia Wachiuri. Basi yatupasa kunakili kila herufi kama karani alivyoiandika, bila kusahihisha, kisha tuandike kando jina linavyotamkwa nyumbani.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi, nao watokana na desturi yetu njema. Mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba. Mwangi wa Kariuki humzaa Kariuki wa Mwangi, na huyu akipata mwana, ndiye Mwangi wa Kariuki tena. Babu na mjukuu wana jina moja. Asiyewajua aweza kumtwika mjukuu deni la babu, au kuipa mbari moja shamba la mbari nyingine. Kwa hiyo kila jina liandikwe pamoja na mwaka, kijiji, mbari na rika.

Mambo hayo hayamo yote vitabuni. Mengine yamo vichwani mwenu. Maandishi ya kesi ya Kimathi yalidhaniwa yamepotea, lakini yalionekana, yakachapishwa kitabuni mwaka 2017. Karatasi yaweza kungoja miaka sitini, mzee hawezi.

Twaomba basi kila mbari ichague wazee wawili, mwanamume na mwanamke, kwani akina nyanya ndio wajuao nani aliolewa wapi. Vijana wasome majina kwa sauti, wazee waseme ni nani, makarani waandike. Sisi twazijua herufi. Ninyi mwawajua watu. Tusipokaa pamoja, watoto wetu watarithi orodha ndefu ya majina yasiyo na wenyewe.