DAWA YA MIFUPA NA HAKI YA MGONJWA
(Maneno tuliyowaambia wanachama, Woodley)

Ndugu wafanya kazi, mama zetu waliozeeka huandikiwa alendronati ili mifupa isivunjike. Dawa hii husaidia wengi, wala hatusemi itupwe. Lakini mara chache mfupa wa taya hufa, hasa baada ya kung'oa jino, au paja huvunjika bila ajali. Paja likianza kuuma, mwone daktari upesi.

Sheria ya Afya ya 2017 yataka mgonjwa aelezwe hatari kabla ya kukubali. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, yampa haki ya fidia akiumizwa na bidhaa au huduma yenye kasoro. Basi tunzeni cheti na pakiti ya dawa, mpeleke habari kwa Bodi ya Dawa na Sumu. Kumwuliza daktari si utovu wa adabu.