MAPUNYE SI AIBU, LAKINI TUSIYAZOEE

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia)



Leo sina habari ya mbuzi wa maziwa wala ya mchango wa mzunguko. Nataka tuangalie vichwa vya watoto wetu. Nenda shule yoyote ya msingi, utaona watoto wenye mabaka ya mviringo kichwani, magamba meupe, nywele zimekatika. Hayo ni mapunye. Wengine huyaita choa, wengine mashilingi. Tumeyazoea hata tunasema, "Aa, yataisha akikua!" Ni kweli huwapata zaidi watoto wa kati ya miaka 3 na 14, na watu wazima ni wachache. Lakini kabla hajakua, atakuwa ameambukiza ndugu zake na wenzake darasani.

Kwanza tuelewane. Mapunye si minyoo, si kurogwa, wala si ushahidi kwamba mama ni mchafu. Ni kuvu, wa jamii moja na ule ukungu unaoota kwenye mahindi yenye unyevu. Huenea kwa kitana, kofia, taulo, mto, na mashine ya kunyoa. Paka na mbwa pia huweza kuambukiza. Kwa hivyo mtoto asichekwe.

Sasa, pesa zetu zinapotelea wapi? Mama ananunua krimu dukani, anapaka mwezi mzima, mapunye yako palepale. Sababu ni hii: kuvu huingia ndani ya unywele mpaka kwenye shina, na krimu hubaki juu ya ngozi. Mapunye ya kichwani yanataka dawa ya kumeza. Griseofulvin imetumika tangu mwisho wa miaka ya 1950. Humezwa kila siku kwa wiki 6 hadi 8, pengine zaidi, pamoja na chakula chenye mafuta kama maziwa, avokado au njugu, ili mwili uipokee vizuri. Iko pia terbinafine, ambayo mara nyingi humezwa kwa wiki chache tu. Kipimo hufuata uzito wa mtoto, kwa hivyo mpeleke kwanza kwa daktari au muuguzi. Mama mjamzito asimeze griseofulvin. Na tafadhali, nywele zikianza kuota usiache dawa njiani!

Wako wanaopaka mafuta ya taa au maji ya betri. Hayo huchoma ngozi, hayaponyi. Wakati mwingine kichwa hufura, kikawa laini na kutoa usaha, watu wakadhani ni jipu. Usilipasue. Kimbia kliniki, kwa maana hapo pakibaki kovu, nywele huenda zisiote tena maishani.

Jambo lingine: mtoto anaweza kubeba kuvu bila kuonyesha dalili. Ukitibu mmoja na kuwaacha wengine, ugonjwa hurudi. Mmoja akiugua, wote nyumbani wakaguliwe. Muuguzi anaweza kuwapa shampuu ya dawa kupunguza kuenea. Na mtoto akishaanza matibabu, arudi darasani. Hakuna haja ya kumfungia nyumbani wiki nane akipoteza masomo.

Hapa ndipo kikundi kina kazi. Mzazi mmoja huenda akashindwa na gharama ya dawa ya wiki nyingi, lakini mkopo mdogo wa kikundi unaweza kumfikisha mwisho. Vijana wenye kinyozi, ondoeni nywele kwenye vitana, osheni kwa sabuni, kisha loweka katika maji yenye Jik. Mashine ya umeme hailowekwi. Isafisheni kwa brashi na dawa ya kuua viini kila baada ya kichwa kimoja. Wembe ni kila mtu na wake, maana wembe wa kushirikiana huweza kupitisha hata virusi vya ukimwi.

Mkifika nyumbani, jadilianeni haya:

1. Ni watoto wangapi katika kikundi chetu wana mapunye sasa?
2. Nani atauliza dispensari kama dawa ya kumeza inapatikana, na bei yake?
3. Nani atazungumza na kinyozi wetu na mwalimu mkuu?

Leteni majibu mkutano ujao.