Geti Linamfaidi Nani?

Ndugu zangu, juzi nilienda kumpa pole rafiki yangu aliyefiwa. Anakaa mtaa wa geti. Soja akachukua kitambulisho changu, akauliza naenda kwa nani, nikasimama juani karibu robo saa. Nyuma yangu likaja gari kubwa la vioo vyeusi, geti likafunguka bila swali. Soja simlaumu, anafanya alivyoagizwa. Lakini nilijiuliza: aliyejenga mtaa huu alipata faida gani kuufunga?

Utaniambia usalama. Kweli. Ghasia za 2007 na 2008, kisha Westgate 2013, zilitutia hofu, na hofu huuza nyumba. Lakini hebu tupige hesabu pia.

Kwanza, huduma. Mjenzi akinunua ardhi mahali hakuna maji wala mfereji wa maji taka, yeye ndiye atachimba kisima na kutengeneza barabara. Akishamwaga pesa zake, hataki asiyelipa atumie bure. Ukuta ndio unaotenga aliyelipa na asiyelipa.

Pili, gharama. Ukuta mmoja kuzunguka nyumba hamsini ni nafuu kuliko kuta hamsini, na soja wachache wanalinda wote.

Tatu, bei. Nyumba nyingi huuzwa hata hazijaisha. Mnunuzi anataka uhakika kwamba kesho jirani hatafungua baa au gereji. Geti na masharti ya mtaa vinampa uhakika huo.

Nne, kaunti nayo haina shida. Inakusanya kodi ya ardhi, huku barabara za ndani, taa na usafi vikilipiwa na wakaazi wenyewe kila mwezi.

Kwa hivyo usimwone mjenzi kama shetani. Amejaza pengo. Shida ni hii: mwenye kisima chake hatapiga kelele mfereji wa mtaa mzima ukikauka. Mwenye soja wake hatauliza kwa nini huku kwetu hakuna taa. Wenye sauti wanajitoa mmoja mmoja, sisi tunabaki na foleni ya mitungi.

Na jambo hili si geni kwetu. Wakoloni waliigawa Nairobi kwa rangi, na mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande shingoni. Leo kinachotugawa ni mfuko, lakini bado tunaulizwa kitambulisho kupita barabarani.

Ufanye nini basi? Jua haki yako. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao ya kufaa na maji safi. Kifungu cha 62 kinasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Kwa hivyo ukiona ukuta umeziba njia ya wavuvi kwenda pwani, uliza. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inamtaka mjenzi autangazie umma mradi wake, nawe una nafasi ya kupinga. Ukiona bango la mradi mtaani kwako, lisome. Kikao cha bajeti ya kaunti kikiitishwa, nenda, na umvute jirani yako.

Tukidai maji, taa na ulinzi kwa kila mtaa, hilo geti litakosa kazi. Tukinyamaza, kuta zitazidi kupanda, na wewe na mimi tutabaki nje, kitambulisho mkononi.