Bati Ukutani Halitoshi

Wewe unayepikia kuni ndani ya chumba cha mbao, tazama ukuta ulio nyuma ya jiko. Umegongomelea bati ukadhani umemaliza? Bati hupata moto na kuupitisha kwenye mbao. Na mbao iliyookwa hivyo miaka nenda rudi huwaka kwa joto dogo kuliko mpya.

Kinachokinga ni hewa. Pitisha misumari katika vipande vya bomba la chuma, bati liachane na ukuta sentimita 2.5, chini na juu pawe wazi, joto lipande litoke. Pasipo kinga, kanuni za Marekani hutaka jiko likae sentimita 90 hivi kutoka kwenye mbao. Najua, kwa mpangaji hapo ndipo kilipo kitanda. Basi ukiwa unapika, weka kiganja ukutani. Ukishindwa kukiacha hapo, zima kuni, umwite mwenye nyumba siku hiyo hiyo.