MAZOEZI YETU NA UMOJA WETU

Hotuba iliyosomwa na mwalimu wa kikundi cha mazoezi, Nkamira, Wilaya ya Rubavu, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni 2024

Kamati imeniomba niseme machache juu ya kikundi chetu cha mazoezi ya viungo.

Wazee wengine wameniuliza: mtu aliyekimbia vita, ambaye posho yake haifiki mwisho wa mwezi, anatafuta nini katika kuruka na kuinama? Swali hilo ni la haki, nami nalijibu.

Mkimbizi anangoja. Anangoja maji, anangoja kadi, anangoja jina lake lisomwe. Mwili unaokaa hivyo unachoka bila kazi, na usiku usingizi haupatikani. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2020 kwamba mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa juma. Sisi tunafanya dakika 30, siku 5. Hesabu inatimia. Na kwa sababu chakula ni kidogo, hatukimbizani mpaka kuanguka. Asiyekula jana anatembea tu, wala hachekwi.

Vyombo vyetu mnavijua: mawe ya volkano, kamba, na bidoni ya lita 5 iliyojaa maji, ambayo ni kama kilo 5. Havikununuliwa.

Kikundi kimoja hakizidi watu 12. Si ubaguzi. Watu wakiwa 12, mwalimu anaona goti la kila mmoja linavyokunjwa, na anajua nani hakuja. Kila asubuhi tunasoma majina. Asiyekuwepo, mwenzake anakwenda kubisha kwake kabla ya jua kuzama. Hivyo ndivyo tulivyomkuta mama mmoja amelala na homa kali, watoto wake hawajui la kufanya, tukampeleka kwenye zahanati. Ninyi wenyewe mmeona anatembea leo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tukumbuke pia ndugu zetu wawili wa Bukavu, mji wa ziwa letu hili la Kivu: Popole Misenga na Yolande Mabika, wacheza judo. Mwaka 2013 walibaki Brazili kuomba hifadhi. Huko Rio walipokelewa katika mazoezi ya kocha Geraldo Bernardes, na mwaka 2016 wakaingia Michezo ya Olimpiki katika timu ya kwanza ya wakimbizi, yenye wanamichezo 10. Popole alishinda pambano lake la kwanza. Medali hawakupata. Lakini kabla ya Olimpiki palikuwa na chumba cha mazoezi, na mtu aliyewaambia: njoni na kesho.

Sasa neno gumu. Nkamira ni kambi ya njia. Tangu watu walipoanza kuvuka kwa wingi mwishoni mwa 2022, wengi wamekwisha kupelekwa Mahama. Basi likiondoka linachukua wanakikundi wetu. Kwa hiyo kila asubuhi anaongoza mtu mwingine, hata aliye na haya. Kikundi kinachomtegemea mwalimu mmoja kitakufa siku jina lake litakaposomwa. Kinachojua kujiongoza kitazaa kingine huko kinakokwenda.

Ninaomba mambo mawili. Kamati ituachie kiwanja saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya foleni ya maji. Na ninyi baba zetu, waruhusuni wake na binti zenu: kikundi chao kitaongozwa na mwanamke, na mlango wa kuja kuuliza uko wazi.

Jina lako likisomwa kwa ajili ya safari, usiondoke bila kumwachia mwenzako zamu yako ya kuongoza.