Baada ya Mabao Matano

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya siku ya kushindwa. Habari za washindi husimuliwa kila mahali, lakini aliyeshindwa mara nyingi huachwa arudi nyumbani peke yake.

Huko kaskazini ya Uingereza iko timu ya kandanda iitwayo Bolton Wanderers. Sisi watu wa kanisa tuna undugu nayo kidogo, maana ilianzishwa mwaka 1874 katika Shule ya Jumapili ya kanisa la Christ Church mjini Bolton. Mwaka 1877 vijana hao hawakupatana na kasisi juu ya kutumia majengo ya kanisa, wakaondoka. Kwa kuwa hawakuwa na uwanja wa kudumu, wakajiita watu watangatangao. Hata hivyo walikua, wakatwaa Kombe la FA mara nne: 1923, 1926, 1929 na 1958.

Tarehe 17 Aprili 2011 timu hiyo ilifika Wembley, London, kucheza nusu fainali ya kombe hilo na Stoke City. Ilikuwa Jumapili ya Mitende. Dakika ya 11 Matthew Etherington wa Stoke akafunga. Dakika ya 17 Robert Huth akaongeza la pili, na dakika ya 30 Kenwyne Jones akatia la tatu. Baada ya mapumziko Jonathan Walters akafunga mengine mawili. Matano kwa bila! Tangu mwaka 1939, Grimsby Town walipofungwa vivyo hivyo na Wolverhampton Wanderers, nusu fainali ya kombe hilo haikuwa imeonekana yenye pengo kubwa namna hiyo.

Mchezaji aliyefungwa hana pa kujificha. Watu zaidi ya 70,000 wanamtazama. Nasi kwetu wako wenye kushindwa hadharani hivyo hivyo. Yuko mtoto ambaye mtihani umemwangusha na kijiji kizima kimekwisha kujua. Yuko baba aliyefunga duka kwa sababu ya madeni, na kila apitaye barabarani anaiona kufuli mlangoni.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Ratiba haikuwahurumia Bolton. Jumapili iliyofuata, tarehe 24 Aprili, siku ya Pasaka yenyewe, waliingia uwanjani kwao kucheza na Arsenal, waliokuwa bado wakiutamani ubingwa wa ligi. Daniel Sturridge aliwafungia Bolton. Robin van Persie aliwasawazishia Arsenal. Bolton walipata penalti, kipa akaiokoa. Ikafika dakika ya 90. Kona ikapigwa, Tamir Cohen akaruka, akautia mpira wavuni kwa kichwa. Kisha akainua jezi yake, na chini yake kulikuwa na picha ya baba yake, Avi Cohen, aliyekuwa mchezaji pia, na ambaye alifariki Desemba 2010 kwa ajali ya pikipiki. Bolton walishinda mawili kwa moja.

Ingekuwa rahisi kukomea hapo na kusema kwamba kila aliyelia juma hili atacheka juma lijalo. Lakini tungekuwa tumewadanganya. Stoke waliowafunga Bolton walifika fainali, wakafungwa moja kwa bila na Manchester City. Nao Bolton, tarehe 13 Mei 2012, walitoka sare ya mawili kwa mawili na Stoke hao hao, wakashuka daraja kwa upungufu wa pointi moja tu.

Basi twasema neno dogo zaidi, ambalo twaweza kulisimamia. Siku moja ya kushindwa haina haki ya kumpangia mtu siku zake zote. Bolton hawakujua Pasaka itawaletea nini. Walivaa jezi, wakaingia uwanjani. Hilo peke yake lilikuwa jambo kubwa, hata kama kona ile isingezaa bao. Na tukumbuke ya kuwa Bwana wetu alipofufuka hakuficha makovu yake. Aliwaonyesha rafiki zake. Mwenye tumaini halazimiki kujifanya kwamba hakuumia.

Nasi tusimamao pembeni tunayo kazi. Ulimi wa mtazamaji ni mwepesi. Tunamcheka aliyeanguka, tunamtungia jina, nalo jina hilo humfuata sokoni na hata kanisani. Lakini chini ya jezi ya mtu mara nyingi kuna picha tusiyoiona: msiba, ugonjwa wa nyumbani, deni asilomwambia mtu.

Juma hili kila mmoja wetu na amkumbuke mtu mmoja aliyeshindwa mbele ya watu. Tusimpelekee hotuba. Tuketi naye, tunywe chai, tumwulize kesho anakusudia kufanya nini. Na kama kuna mzigo wa kuinuliwa, tushike upande mmoja.

Mungu awe nanyi nyote. Kwaherini.